Doa Chini ya Paa

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mfuko wa nailoni, na juu yake Koplo alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kujivuna: APRONI YA MTUHUMIWA, ILIYOTAPAKAA DAMU.

Inspekta aliisoma, akaugeuza mfuko, akaunusa pale ulipofungwa vibaya. Kisha akaweka mfuko mezani na kumtazama Koplo kwa muda ambao Koplo hakuupenda. Kituoni Inspekta huyu walimwita Sindano, si kwa wembamba, maana mwembamba hakuwa, bali kwa sababu swali lake lilikuwa likiingia mtu anaruka.

"Nani alikwambia hii ni damu?"

"Inaonekana, afande. Marehemu kapasuka kichwa, msichana wa kazi kakutwa na nguo imelowa. Ni moja kwa moja."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema zambarau." Koplo akacheka kidogo. "Nikamwambia zambarau haziui mtu."

Hasira ya Inspekta ilianzia hapo, na haikumtoka siku ile. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, viatu vyake kavishika mkononi kama mtu aliyeingia msikitini, akingoja kuambiwa mwanawe atapelekwa wapi. Mwanawe alikuwa akienda mahakamani mchana ule kusomewa shitaka la kuua. Gari lilikwisha kuoshwa kabisa. Katika kituo kile gari liliandaliwa mapema kuliko ushahidi.

Marehemu alikuwa Mwalimu Randa, aliyefundisha useremala mpaka akastaafu, jitu la watu, mabega kama mlango. Alikutwa chini ya ngazi za baraza yake, kichwa kimepasuka. Mkwewe, muuza vigae, ndiye aliyepiga simu. Katika maelezo yake alisema aliingia uani akamkuta mtumishi kapiga magoti anasugua damu, mzee kalala chini. Mtumishi, ambaye nyumba nzima ilimwita Kimya kwa kuwa hasemi mpaka aulizwe, alipofungwa pingu hakusema kitu. Wakaandika kwamba amenyamaza kwa hatia.

Inspekta alimleta chumbani na kumvutia kiti yeye mwenyewe.

"Mwanangu, nguo yako imelowa nini?"

"Zambarau, mama. Mwalimu alikuwa anazipenda. Za barazani zilikuwa zimekanyagwa, nikaenda kuokota za bondeni, bakuli likajaa, nikatia na kwenye aproni. Niliporudi nikamkuta kalala chini ya ngazi. Nikapiga magoti nimwinue, zote zikapondeka."

"Ulikuwa unasugua kitu?"

"Nilikuwa namsugua mikono. Ilikuwa ya baridi."

"Na shemeji wa nyumba, huyo mkwe wa Mwalimu, alikuwa wapi?"

"Alitoka ndani. Nilidhani kaja wakati huohuo." Akafikiri. "Lakini gari lake lilikuwepo nilipokwenda kuokota."

"Mbona haya hukuyasema?"

Kimya akamtazama Koplo, akarudisha macho chini. "Nilisema la zambarau. Wakacheka. Mtu akishacheka la kwanza, la pili unampa la nini?"

Inspekta akatoka moja kwa moja hadi ofisini kwa Mkuu wa kituo, akamkuta anakunywa chai ya ndimu. Hakuomba. Alichukua kipande cha ndimu kwenye kisahani cha bosi wake, akafungua mfuko na kukata kwa mkasi ncha mbili ndogo za aproni, nyingine yote akaiacha kwa ajili ya maabara. Ncha ya kwanza akaikamulia ndimu. Lile doa la kahawia iliyoiva likachangamka, likawa jekundu la kung'aa.

Koplo, aliyekuwa amefuata nyuma, akanyoosha kidole. "Si hiyo, afande? Imezidi kuwa nyekundu. Damu tupu."

 Ncha ya pili Inspekta akailowesha kwa maji ya sabuni ya unga kutoka kwenye ndoo ya mfagiaji. Doa likageuka polepole mbele ya macho yao, likawa la buluu, kisha buluu yenye ukijani.

"Haya. Umeona wapi damu ya buluu?"

Mkuu akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu asiyependa makosa, hasa yakigunduliwa ofisini kwake. "Kukamua ndimu si maabara, Inspekta."

"Si maabara. Lakini mama yangu alifua sare zangu zote kwa akili hii, kwetu kulikuwa na mzambarau. Tunda lolote la rangi hiyo, tindikali hulifanya jekundu, sabuni hulifanya buluu. Damu haijui michezo hiyo. Tumemlaza binti wa watu rumande kwa juisi."

"Mkwe kamwona anasugua damu."

"Mkwe kasema kamwona. Nipe mpaka gari liondoke."

"Gari litaondoka nikimaliza chakula," alisema Mkuu, na Inspekta alijua kwamba kwa mdomo wa mtu yule, huo ulikuwa ukarimu.

*

Nyumba ilikuwa kubwa, ya zamani, na sehemu yake nzuri kuliko zote ilikuwa baraza. Mwalimu aliijenga kwa mkono wake: mbao ndefu zilizokaa bega kwa bega, hakuna msumari unaoonekana. Pembeni yake mzambarau mkongwe ulikuwa umeegemeza matawi, na kwa kuwa ulikuwa msimu wake, baraza upande ule ilikuwa imegeuka zambarau nzito, doa juu ya doa, kokwa na maganda yamekanyagwa mpaka yameshikana na ubao.

Binti wa marehemu aliwapokea mlangoni, khanga begani, vidole vimechubuka vyekundu. Vilinuka sabuni. Inspekta akavitazama vidole vile, akawaza: labda huyu.

"Pole sana, mama. Mikono imefanya nini?"

"Nafua nguo za baba. Tangu juzi nafua tu. Nikiacha kufua nalia." Akamwonyesha kamba uani, imejaa mashati makubwa ya mzee, yamefuliwa yakafuliwa mpaka kola zimeanza kukwaruzika. Hilo nalo likawa limejibiwa, angalau kwa wakati ule.

"Aproni ya Kimya uliiona?"

"Niliiona." Akavuta khanga. "Sikuiangalia vizuri."

Inspekta akapiga hatua barazani. "Huwa mnaisafishaje hii?"

"Ina sheria yake," binti alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Baba hakutaka mtu aioshe mpaka mti umalize kudondosha. Alikuwa anasema ukiosha leo, kesho mti unakucheka, na kila ukisugua unakula ubao. Kwa hiyo tunafagia tu, tunangoja. Mti ukimaliza, siku moja nyumba nzima inainama. Maji ya moto kwanza. Halafu siki, unaacha inywe. Brashi laini, unafuata mistari ya ubao, hukati. Ukianza na sabuni umeharibu, inageuka rangi ya jicho lililopigwa ngumi. Mimi nilifanya hivyo mara moja, mdogo. Baba hakunipiga, alimwonyesha kila aliyepita njiani. Nikatamani angenipiga."

"Na Kimya huinama?"

"Huyo ndiye huanza wa kwanza."

"Mumeo?"

"Hajawahi." Alijibu haraka, kisha akaongeza kana kwamba anadaiwa maelezo. "Anauza vigae. Anasema baraza ya mbao ni aibu ya kijijini, anataka aing'oe aweke vigae, na mti ukatwe. Walikuwa wanabishana na baba. Mabishano ya kawaida tu."

Inspekta hakuandika. Alikuwa anatembea kuelekea mlangoni, kichwa kimeinama, anahesabu si mbao bali rangi. Upande wa matawi, zambarau nzito. Hatua kidogo ndani, matone hapa na pale. Paa lilipoanzia, ubao ukawa safi, rangi ya asali, kama siku ulipopigwa randa. Na hapo, karibu kabisa na mlango, chini ya paa, mahali ambapo tunda haliwezi kudondoka hata likisukumwa na upepo wa hasira, kulikuwa na doa moja kubwa.

Akachuchumaa. Doa halikuwa na kokwa, halikuwa na ganda. Lilikuwa limepakwa, nusu duara kwa nusu duara, kama mtu anayesiliba ukuta kwa kiganja. Chini yake ubao ulikuwa umekwaruzwa kinyume cha mistari, nyuzi zake zimesimama kama malaika ya mwilini, na katikati ya mikwaruzo vilikuwa vimekwama vipande vyembamba vya ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria. Umande ulikuwa umeshaanza kuvitia kutu. Na rangi ya doa haikuwa ile ya wenzake. Ilikuwa ya buluu, imepauka, yenye ukijani pembeni.

Jicho lililopigwa ngumi, hasa.

"Koplo," aliita, bila kuinua uso. "Wewe ulisimama hapa siku ile."

"Ndiyo, afande."

"Ukaona nini?"

"Doa la zambarau." Akalimeza neno lilipokuwa limeshatoka. Aproni ya mtumishi aliiita damu. Sakafu ya mwenye nyumba aliiita zambarau. Shingo yake ikabadilika rangi bila ndimu wala sabuni.

"Vua koti uingie chini ya baraza na tochi. Mwanga hapa, kati ya mbao hizi mbili. Usiguse kitu, niambie tu unachokiona kwenye boriti."

Koplo akaingia kwa tumbo. Inspekta akabaki amechuchumaa, akiyapanga. Kuna mtu alisugua hapa kwa sabuni na chuma, kwa pupa. Ubao ukang'aa mweupe mahali pasipotakiwa kung'aa. Akaogopa weupe ule, akachukua zambarau, akaziponda, akapaka ili pafanane na penginepo. Hakusuuza sabuni, au aliisuuza kwa haraka ya mwizi. Sabuni iliyobaki ndani ya ubao ikaigeuza rangi. Yeyote aliyewahi kuinama kwenye baraza hii asingefanya kosa hilo. Kimya asingelifanya. Binti asingelifanya. Katika nyumba hii yuko mmoja tu aliyekuwa akiwatazama wenzake wakiinama.

*

Mkwe alifika na gari la dukani, mlio wa breki kwanza, yeye baadaye. Shati jeupe, viatu vya kung'aa. Aliyapita madoa kwa kuruka kama mtu anayevuka mtaro.

"Nilidhani haya yamekwisha," alisema. "Mtu wenu mnaye. Sisi tuna msiba."

"Tunamalizia tu, baba. Utuvumilie. Wewe ulimkuta Kimya anasugua wapi hasa?"

"Pale ngazini."

"Siyo hapa mlangoni?"

Akatazama doa mara moja, akaondoa macho. "Hapo ni zambarau."

"Zimefikaje chini ya paa?"

"Mtu kazikanyaga huko, kaja nazo. Mti huu umechafua kila kitu. Mimi nilisema zamani."

"Wewe ulizikanyaga?"

"Mimi hizo takataka sizigusi, si kwa mguu si kwa mkono. Muulize mke wangu."

"Hagusi," binti alisema kwa sauti ndogo.

Inspekta akatoa ndimu mfukoni, akaikata kwa kisu cha jikoni. "Nisaidie jambo moja. Mimi nashika kamera, mikono imejaa. Nikamulie hapo juu ya doa, nipige picha. Nataka tu kuthibitisha kwamba ni tunda, tusije tukasumbuana."

Likamfurahisha. Mtu anayetaka doa liwe zambarau, ukimwambia uthibitishe ni zambarau, atakuletea na maji. Akapinda magoti kwa uangalifu wa mtu mwenye suruali mpya, akaikamua ndimu kwa mikono miwili, barabara, mpaka juisi ikamtiririka vidoleni. Doa la buluu likaanza kuwa jekundu kutoka katikati kwenda pembeni.

"Haya, umeona? Tunda."

"Nimeona," alisema Inspekta. Lakini kamera ilikuwa imeacha kutazama sakafu.

Mkwe akafuata macho yake. Pembeni mwa kucha zake, ambako kwa siku mbili kulikuwa na ukijivu hafifu ambao mtu angeudhania ni vumbi la vigae, mistari myembamba ilikuwa inachipua, myekundu, kucha baada ya kucha. Ilijaa kwenye mikunjo ya vidole. Ikashuka mpaka mistari ya kiganja. Akavuta mikono nyuma, lakini mikono si kitu ambacho mtu anaweza kukirudisha dukani.

"Nilimsaidia Kimya kuokota," alisema.

"Tangu lini?" aliuliza mkewe. "Tangu lini wewe uliinama?"

Kabla hajajibu, sauti ya Koplo ikatoka chini ya miguu yao, imeziba kwa vumbi. "Afande. Kwenye boriti kuna kitu kimedondoka kikakauka. Cheusi. Kingi. Hakuna kokwa, hakuna ganda."

"Kwangua chembe uikamulie ndimu. Kingine kiache hapohapo kwa watu wa maabara."

Inspekta akampitishia nusu ya pili ya ndimu ukingoni mwa baraza. Kisha: "Hakibadiliki, afande."

Mkwe akakaa chini, pale pale juu ya ubao, suruali na yote. Inspekta akamsomea haki zake kwa sauti ya kawaida kabisa, maana kazi ni kazi.

"Nilileta msumeno wa mashine tu," alisema mkwe. "Nilisema naanza na tawi moja. Akaja kwa nguvu kuushika, mzee gani ana nguvu vile? Nikamsukuma. Kichwa kikagonga nguzo ya mlango. Mti tu. Nilikuwa nazungumzia mti tu."

"Ukambeba mpaka ngazini."

"Nilimburuta. Kwenye zulia."

"Ukasugua, ukapaka zambarau, ukaingia ndani. Ukamngoja binti wa watu arudi na bakuli la mzee, apige magoti. Ndipo ukatoka na simu." Inspekta alimwinamia. "Kumsukuma mzee, labda ulipandwa na hasira. Hili la pili ulilifanya ukiwa umetulia. Hilo ndilo nitakalolisemea mahakamani mpaka sauti inikauke."

 Binti alikuwa ameshika nguzo ya mlango, kisha akakumbuka ni nguzo gani, akaiachia.

*

Walipofika kituoni Mkuu alikuwa anajifuta mdomo. Alisikiliza yote, akaitazama mikono ya mkwe, akaitazama tena, kisha akasema lile ambalo Inspekta aliliona kubwa kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa kazini.

"Basi, msichana mwachieni. Apitie mlango wa nyuma, mbele kuna watu."

"Aliingilia wapi alipoletwa?"

"Inspekta."

"Aliingilia mbele, na pingu, watu wakimtazama. Atatokea mbele. Na Koplo ndiye atakayemfungulia mlango, amwambie mama yake kwa mdomo wake kwamba mwanawe hakuua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumemnyonga kwanza, haki tunataka kumpitishia uchochoroni."

Mkuu akatafuta jambo la kufanya mezani na akalipata. Hakusema hapana, na pale kituoni hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo.

Koplo alifungua mlango, magoti bado na vumbi la chini ya baraza. Alimwambia mama kile alichotakiwa kusema, na akaongeza neno lake mwenyewe, la chini chini, ambalo Inspekta hakulisikia. Mama alivaa viatu vyake kwanza, kimoja kimoja, ndipo akasimama kumshika mwanawe.

Binti wa marehemu alikuwa amekuja nyuma ya gari lao. Alisimama mbele ya Kimya, macho yamevimba, akijaribu kuanza mara mbili.

"Twende nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Watu wa msiba wanaanza kufika kesho. Na baraza ile siwezi kuiangalia. Wewe ndiye unajua kuiosha. Nakuomba."

Kimya alimwangalia kwa utulivu. Alipozungumza, ukumbi mzima ulisikia, kwa kuwa hakuna aliyezoea kumsikia.

"Dada, siku ile wananifunga, nilikuangalia wewe. Koplo haujui mzambarau, simlaumu sana. Shemeji haujui, hajawahi kuinama. Wewe umezaliwa chini yake. Unajua doa la zambarau hata gizani. Uliiona nguo yangu, ukaona wanaiita damu." Akapumua. "Ulikuwa unamlinda nani?"

Binti akavuta khanga tena. 

Kimya akamshika mama yake mkono, wakashuka ngazi za mbele, watu wakawapisha. Hakugeuka.

Inspekta akangoja mpaka walipokata kona. Swali lile lilikuwa lake, na mtu mwingine alikuwa amemtangulia kuliuliza. Akafungua mlango wa chumba cha mahojiano, akavuta kiti.

"Ingia ndani, mama," alimwambia binti wa Mwalimu. "Tuanzie hapo alipoachia."